Geji ya RPM Inadanganya Baada ya Kubadilisha Dashibodi: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Nyingine

Umefunga dashibodi nyingine. Taa zote zinawaka, geji ya mafuta inasoma, temperecha inasoma, spidi haina neno. Lakini mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) uko kwenye 500 wakati injini inanguruma kama kawaida yake. Au uko 1200. Au umelala kabisa na hauna habari.

Swali hili limenijia mara nyingi mno, na wanaouliza huwa wameshafanya moja kati ya mambo mawili: wamenunua dashibodi ya tatu, au wamefungua ya pili na kuzungusha kila kinachozunguka humo ndani. Usifanye hayo bado. Dashibodi iliyotoka kwenye gari jingine mara nyingi ni nzima. Inahesabu vile ilivyozoea kuhesabu kule ilikotoka, basi. Uongo wake una umbo, na umbo hilo ndilo litakalokuonyesha kasoro iko wapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Bisibisi itasubiri.

Nikisema dashibodi hapa nakusudia ile paneli ya geji tu, si meza nzima ya mbele.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita yenye uwezo wa kupima Hz (mapigo kwa sekunde). Isiyo na Hz itakusaidia kwenye volti na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), lakini utakwama katikati.
- Kifaa cha kusoma OBD (soketi ya kuongea na kompyuta ya gari), hata kile kidogo cha bluetooth kinachoongea na simu. Kama gari lako ni la zamani na halina OBD, tafuta takomita ya mwanga inayosoma puli kwa kipande cha stika inayong'aa, au taa ya taimingi yenye kuonyesha RPM.
- Mchoro wa nyaya wa gari lako, na mchoro wa gari ilikotoka dashibodi. Yote miwili. Mmoja peke yake ni nusu ya habari.
- Dashibodi yako ya zamani. Kama hujaitupa, usiitupe.
- Bisibisi za kawaida na kipande cha plastiki cha kubandulia fremu.
- Kalamu na karatasi.
- Mtu wa kukaa kwenye kiti na kushikilia mafuta wakati wewe unapima.

Tahadhari mbili kabla hujagusa chochote. Gari likiwa na airbag, toa waya hasi wa betri na usubiri muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kufungua chochote karibu na usukani. Na ukipima injini ikiwa inawaka, uwe nje au mahali penye hewa, gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, mikono na nguo mbali na mkanda na feni.

Nadharia kidogo tu

Geji ya RPM haioni injini. Inahesabu mapigo ya umeme yanayoletwa na waya mmoja. Kwenye injini ya petroli ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki (shafti kuu ya injini). Kwa hiyo silinda 4 hutoa mapigo 2 kwa kila mzunguko, silinda 6 hutoa 3, na silinda 8 hutoa 4. Geji iliyotengenezwa kwa silinda 6 husubiri mapigo 3 ndipo ihesabu mzunguko mmoja. Ukiipa mapigo 2, itaona mzunguko haujatimia. Haijaharibika, umeilisha chakula kisicho chake.

Hesabu ya kukumbuka ni moja: Hz = RPM × idadi ya silinda ÷ 120. Injini ya silinda 4 kwenye RPM 3000 hutoa 100 Hz. Ya silinda 6 hutoa 150, ya silinda 8 hutoa 200. Iandike kwenye ile karatasi, tutairudia.

Hatua za kazi

1. Pata RPM ya kweli. Huwezi kujua geji inadanganya kiasi gani kama huna kitu cha kuilinganisha nacho. Chomeka kifaa cha OBD usome RPM inayotoka kwenye kompyuta ya injini. Namba hiyo hutoka kwenye sensa ya kranki, haipiti kwenye mshale wa dashibodi, kwa hiyo ndiyo shahidi wako. Mfumo wa OBD2 ni lazima kwa magari ya Marekani tangu modeli za 1996, na Ulaya tangu 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Gari la zamani zaidi ya hapo, au lililotengenezwa kwa soko jingine, linaweza kuwa na soketi ileile lakini lisiongee lugha hiyo.

Ukitumia taa ya taimingi inayobana waya wa plagi, angalia mtego huu: injini zenye koili (kitengeneza cheche) moja kwa plagi mbili huwasha kila plagi mara moja kwa kila mzunguko badala ya mara moja kwa mizunguko miwili. Taa itakusomea mara mbili ya ukweli, nawe utaondoka ukilaumu dashibodi.

Na kama huna chochote? Masikio yanasaidia, au tuseme simu. Zipo programu za simu zinazoonyesha masafa ya sauti. Mlio wa mapigo ya injini hufuata hesabu ileile ya juu, kwa hiyo silinda 4 kwenye 3000 huweka kilele karibu na 100 Hz. Usijaribu injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. 25 Hz ni chini mno kwa maikrofoni ya simu. Na ujue unaweza kuona vilele kadhaa, kimoja kikiwa nusu au mara mbili ya kingine. Ni njia ya dharura tu.

2. Chukua vipimo vitatu. Injini ipate moto kwanza. Msaidizi ashikilie mafuta pasipotikisika: sailensi, kisha 2000, kisha 3000 kwa mujibu wa OBD. Kila mara andika namba mbili, ya OBD na ya mshale. Kifaa cha OBD huchelewa kidogo, kwa hiyo subiri namba itulie.

Watu wengi hupima sailensi peke yake. Hapo ndipo wanapopotea. Geji inayoonyesha 500 badala ya 750 inaweza kuwa na hesabu ya silinda 6, na inaweza vilevile kuwa na mshale uliobandikwa 250 chini. Kwenye sailensi magonjwa haya mawili yanafanana kama mapacha. Kwenye 3000 yanaachana: la kwanza litaonyesha 2000, la pili litaonyesha 2750.

3. Soma umbo la kosa. Gawanya namba ya mshale kwa namba ya OBD katika kila kipimo, kisha toa moja kwa nyingine. Utaangukia kwenye moja ya haya:

*Mgawanyo haubadiliki.* Kila mahali unapata, tuseme, 0.67. Hili ni tatizo la mapigo. RPM ya kweli ikiwa 3000:

- dashibodi ya silinda 6 kwenye injini ya 4 itaonyesha 2000
- dashibodi ya silinda 8 kwenye injini ya 4 itaonyesha 1500
- dashibodi ya silinda 4 kwenye injini ya 6 itaonyesha 4500
- dashibodi ya silinda 8 kwenye injini ya 6 itaonyesha 2250
- dashibodi ya silinda 4 kwenye injini ya 8 itaonyesha 6000
- dashibodi ya silinda 4 kwenye injini ya 3 itaonyesha 2250

*Tofauti haibadiliki.* Iko chini kwa 250 kila mahali, au juu kwa 300 kila mahali. Mapigo yako sawa. Mshale ndio umekaa vibaya, mara nyingi kwa sababu kuna aliyewahi kuung'oa, pengine ili abadilishe taa za nyuma yake.

*Chini sawa, juu inapotea, bila mpangilio.* Inaweza kuwa kapasita iliyochoka ndani ya geji ya zamani, au kelele za umeme zinazohesabiwa kama mapigo. Kapasita hupotosha polepole na mshale ukiwa umetulia. Kelele huurusha mshale.

*Inacheza.* Inaruka ukiwasha taa, indiketa au feni. Ethi. Usitafute kwingine kabla hujamaliza ethi.

Tofauti ndogo isikusumbue. Kwenye geji ya mshale, kupishana kwa 50 au 100 na OBD si ugonjwa. Unene wa mshale wenyewe na pembe unayoutazamia vinatosha kuleta hiyo.

4. Kagua ethi na umeme wa dashibodi. Fanya hivi hata kama umbo la kosa linasema mapigo, maana ni dakika kumi tu. Dashibodi ikiwa imechomekwa, swichi iko ON, taa kubwa zinawaka, weka multimita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya ethi ya dashibodi. Unataka chini ya volti 0.1. Ukiona 0.4 au zaidi, waya huo una kutu, umelegea, au uliungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kisha pima pini ya umeme wa swichi: iwe karibu sawa na betri, injini ikiwa inawaka karibu volti 14.

Niliwahi kumaliza alasiri nzima nikirekebisha geji kwa bisibisi ndogo. Asubuhi inasoma sawa, usiku inasoma vingine. Kumbe skrubu ya ethi nyuma ya redio ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Tangu siku hiyo hatua hii haiko chini ya nyingine yoyote.

5. Jua mapigo yanatoka wapi. Fuata kwenye mchoro waya wa RPM kutoka dashibodi hadi chanzo chake. Hii ndiyo hatua yenye mambo mengi kuliko zote, na chanzo ni moja ya hivi:

*Hasi ya koili.* Magari ya zamani yenye distributa. Koili moja huwasha silinda zote, kwa hiyo mapigo yanafuata idadi ya silinda sawasawa. Onyo kubwa: umeme wa koili unapokatwa, waya huu huruka hadi mamia ya volti kwa kitambo kidogo. Usiushike, usiuguse na multimita ya bei rahisi, na usiuunganishe moja kwa moja kwenye dashibodi iliyozoea ishara ya kompyuta. Utaiua.

*Koili moja kati ya nyingi.* Injini ikiwa na koili mbili zinazogawana silinda 4, kila koili huwaka mara moja kwa mzunguko. Ukichukua ishara kwenye moja, geji ya silinda 4 itasoma nusu. Injini yenye koili juu ya kila plagi ni mbaya zaidi: kila koili huwaka mara moja katika mizunguko miwili, na geji hiyo itasoma robo. Anayebadilisha injini na dashibodi kwa pamoja hunasa hapa sana.

*Kompyuta ya injini.* Ina pini maalumu ya RPM inayotoa mapigo safi ya volti 5 au 12. Usidhani kwamba idadi ya mapigo inafuata silinda. Kompyuta za awali za injini za V8 za GM za familia ya LS hutoa mapigo 2 kwa mzunguko, kama silinda 4, kwa hiyo dashibodi ya V8 ya zamani husoma nusu. Kwenye Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990, ishara ya RPM unaipata kwenye pini ya IG- ya kile kisanduku cha diagnosi kilichoko ndani ya boneti. Ni mahali pazuri mno pa kupimia.

*Alteneta, waya wa W.* Dizeli nyingi za zamani. Hapa silinda hazihusiki kabisa. Idadi ya mapigo inategemea nguzo za sumaku za alteneta na ukubwa wa puli. Alteneta yenye jozi 6 za nguzo, inayozunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko wa kranki, hutoa mapigo 15. Ipe dashibodi ya petroli ishara hiyo na mshale utagonga mwisho kabla hujakanyaga mafuta. Na ukibadilisha alteneta au puli yake, hesabu inabadilika tena.

*Mtandao wa CAN.* Magari mapya. Hakuna mapigo, kompyuta hutuma namba yenyewe. Dashibodi isiyokubaliana na gari huenda ikakaa kimya, au ikasoma vibaya kwa sababu ya kodi iliyobeba (mpangilio uliowekwa ndani yake) au uso wa geji usio wake. Hapa usihangaike na resista na kapasita. Nenda kwenye programu ya kubadilisha kodi hiyo.

6. Pima ishara. Ruka hatua hii kama gari ni la CAN au chanzo ni hasi ya koili na multimita yako haikutengenezwa kwa volti 600 au zaidi. Kwa wengine: multimita kwenye Hz, waya mweusi kwenye ethi, mwekundu kwenye waya wa RPM nyuma ya soketi ya dashibodi. Msaidizi ashikilie 3000 ya OBD.

Silinda 4, unategemea 100 Hz. Ukipata 100 na mshale unaonyesha 2000, gari halina kosa, dashibodi ina hesabu ya silinda 6. Ukipata 50, kosa liko upande wa chanzo. Ukipata namba inayorukaruka, una kelele. Ukipata sifuri, soma volti kwanza kabla ya kukata tamaa, nitaeleza chini.

Kosa la kawaida hapa ni kupima pini isiyo yake. Soketi za dashibodi mbili zinaweza kufanana kwa umbo na rangi, zikaingia bila kulazimisha, lakini pini ya RPM ya moja ikawa pini ya spidi ya nyingine. Ukiona mshale wa RPM unapanda gari likitembea na kulala likisimama, huo ndio ugonjwa.

7. Chagua tiba. Nimezipanga kwa jinsi ninavyozipenda mimi.

*Hamisha geji ya zamani.* Kama dashibodi zote mbili ni za familia moja ya gari, hii ndiyo njia bora na watu huisahau. Toa geji ya RPM kwenye dashibodi yako ya zamani, pamoja na uso wake, uifunge kwenye mpya. Geji nyingi za zamani hushikwa na skrubu au nati tatu au nne, na skrubu hizo ndizo zinazopitisha umeme: moja swichi, moja ethi, moja ishara. Zikaze vizuri bila kupitiliza, maana karatasi ya shaba iliyo nyuma huchanika. Usiilaze dashibodi kifudifudi kwa muda mrefu; baadhi ya geji zina mafuta mazito ya kutuliza mshale, na yakivuja huchafua uso.

*Badilisha kodi.* Baadhi ya dashibodi huambiwa idadi ya silinda. BMW E30 ina plagi ndogo ya kodi nyuma ya dashibodi. Hamisha plagi yako ya zamani. Nyingine zina daraja la risasi kwenye bodi, au huhitaji kompyuta ya diagnosi. Kama kodi ipo, usifungue kitu kingine.

*Kirekebishi cha ndani.* Geji nyingi za zamani zina kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, mara nyingine kimefichwa nyuma ya kitundu. Weka alama ya kalamu mahali kilipo kabla hujakigusa. Shikilia 3000, zungusha kidogo kidogo, kisha hakikisha na 1500. Kiliwekwa kwa marekebisho madogo. Kama unahitaji kupandisha kwa mara 1.5, huenda kikafika mwisho kabla hujafika unakotaka. Usikilazimishe.

*Kibadilisha mapigo.* Kisanduku kidogo kinachokaa katikati ya waya, kinapokea mapigo na kutoa mengine kwa uwiano unaouweka. Ndiyo tiba ya waliobadilisha injini, na ndiyo karibu pekee ya kweli kwa ishara ya alteneta kwenye dashibodi ya petroli. Kipe umeme wa swichi wenye fyuzi yake.

*Kubadilisha resista ndani ya geji.* Geji zinazotumia saketi kama LM2917 husoma kwa kadiri ya resista na kapasita moja: resista ikizidi mara 1.5, usomaji unazidi mara 1.5. Inafanya kazi. Lakini kama hujawahi kuchomea risasi kwenye bodi, hii si siku ya kujifunzia.

*Kupanga mshale.* Kwa wale wenye tofauti isiyobadilika tu. Weka utepe usoni na uweke alama mshale ulipo. Inua kwa vijiko viwili vyenye kitambaa chini yake, pande zote kwa pamoja, wima. Usiuzungushe kwa mkono kwenye geji zenye mota ya hatua (mota ndogo inayosogeza mshale hatua kwa hatua). Meno yake ni ya plastiki. Washa swichi mota ijitafutie sifuri, kisha bonyeza mshale taratibu kwenye sifuri. Kwenye geji za koili (mshale huzungushwa na koili za sumaku zilizo ndani ya geji) zisizo na kizuizi cha sifuri, washa injini, shika RPM unayoijua kwa OBD, na ubandike mshale kwenye namba hiyo.

8. Hakikisha kabla ya kufunga fremu. Rudia vile vipimo vitatu, kisha ongeza kimoja: taa zote zikiwashwa, feni ikiwa juu, indiketa inapiga. Halafu zima, washa tena. Nikishafunga skrubu zote kabla ya kipimo hiki, ndipo tatizo hurudi. Sijui fremu huambiana nini na mshale.

Ukikwama

*Mshale umelala, na waya una volti zisizobadilika au hauna kitu.* Baadhi ya kompyuta za injini hazitoi volti zenyewe kwenye pini ya RPM. Huuunganisha tu waya na ethi kisha kuuachia. Zinategemea dashibodi ivute waya huo juu. Dashibodi yako ya zamani ilikuwa ikifanya hivyo, hii mpya haifanyi. Weka resista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa ishara na umeme wa swichi wa volti 12, robo wati inatosha. Hakikisha kwanza kwenye mchoro kwamba pini ni ya aina hiyo, maana pini inayotoa volti 5 zenyewe haitaki kuongezewa 12.

*Mshale umelala, na ishara ya volti 5 ipo.* Huenda geji ni ya zama za koili na inangoja msukumo mkubwa. Mapigo ya volti 5 kwake ni mnong'ono. Kuna vifaa vya kukuza ishara kwa kazi hii.

*Inasoma vizuri hadi 3000, kisha inaruka hadi 5000 na kurudi.* Kelele. Sogeza waya wa RPM mbali na nyaya za plagi. Hakikisha plagi ni zile zenye resista ndani. Kama chanzo ni hasi ya koili, resista ya kilo-omu 10 kwenye waya wa ishara, karibu na koili, mara nyingi hutuliza.

*Mshale unabaki kwenye 2000 ukizima gari.* Geji fulani za koili hazina springi ya kurudisha mshale. Ukiwasha swichi hurudi wenyewe. Si ugonjwa.

*Dizeli, geji inashuka mvua ikinyesha au ukiwasha mizigo mikubwa ya umeme.* Mkanda wa alteneta unateleza. Geji inasema kweli kuhusu alteneta, si kuhusu injini.

*Gari linawaka sekunde moja au mbili kisha linazima.* Hili halihusu RPM. Kwenye magari mengi ya Volkswagen na Audi ya mwisho wa miaka ya 1990 na kuendelea, mfumo wa kuzuia wizi umo ndani ya dashibodi. Rudisha ya zamani ili gari litembee, kisha tafuta mtu mwenye vifaa vya kuoanisha dashibodi na kompyuta ya injini.

*Kilomita hazilingani.* Piga picha ya dashibodi ya zamani ikionyesha kilomita zake siku ya kuibadilisha, andika na tarehe, weka pamoja na hati za gari. Utakapoliuza, mnunuzi ana haki ya kujua, na nchi nyingi zina sheria kali juu ya hili.

*Geji mpya inakubaliana na OBD kila mahali, lakini wewe unaapa injini ilikuwa ikikaa 900 sailensi na sasa inaonyesha 700.* Chomeka dashibodi ya zamani na uipime nayo kwa OBD. Nimeshaona zaidi ya mara moja gari ambalo mwenyewe alizoea uongo wa geji ya kwanza kwa miaka, mpaka ya pili ilipomwambia kweli akaipeleka kwa fundi.